Unyasi Mdomoni

Kwetu, upande wa Tinde, mtu asiyeitikia salamu huulizwa amekosewa na nani. Asipojibu na hilo, watu humwacha apite, wakamtazama mgongo mpaka apotee. Kuanzia siku hiyo likitokea lolote baya pale, ng'ombe akivunjika mguu au mtoto akishikwa na homa, yeye ndiye wa kwanza kutajwa. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani nilipotakiwa kujifunza kutembea bila kusalimu. Pengine mwingine angeifanya kazi ile vizuri zaidi. Nimewaza hivyo mara nyingi.

Nilikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, miaka ile ya thelathini vijana wengi wa kwetu walipokwenda huko kutafuta pesa ya kodi. Misheni nilikuwa nimesoma kidogo, kiasi cha kuandika jina langu na kusoma barua ya mtu kama mwandiko wake si mbaya. Kazi yangu ilikuwa kusukuma gari la mawe kutoka mdomo wa shimo hadi kwenye kinu. Gari moja lilisukumwa na watu wawili, na mwenzangu alikuwa mtu wa kisiwani.

Kisiwa sitakitaja. Watu wake hawakunituma niwaandike. Kimo ziwani, huonekana kutoka pwani ya Wazinza hewa ikiwa safi, na katikati yake pana mlima wenye msitu, ambao wingu haliutoki. Watu wa ufukweni ni wavuvi, kila mtu anawajua. Watu wa mlimani hulima migomba na tumbaku na hushuka kwa nadra. Wale wa ufukweni huwataja kwa sauti ya chini, kama mtu anavyowataja wakwe zake.

Mwenzangu alikuwa wa mlimani. Kila asubuhi alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," ila ulimi wake ulipenda r, kwa hiyo ikatoka "mwangaruka". Nami nikimjibu kwa Kiswahili changu, "Habali za kuamka," yeye alicheka kwa zamu yake.

"Tugawane," alisema siku moja. "Wewe chukua l zote, mimi nichukue r. Tusije tukagombana bure."

Alikufa kwa kichomi wakati wa masika. Siwezi kumlaumu mtu. Alipewa dawa iliyokuwapo, na nyapara wetu, ambaye kwa mambo mengine alikuwa mkali kama pilipili, alimpelekea uji kwa mikono yake. Tulimzika penye makaburi ya kambi, kwa kuwa maiti haiwezi kusafiri siku zote zile. Asubuhi iliyofuata nilipoamka nilikaa kitandani nikingoja kusalimiwa. Nilingoja muda mrefu kuliko inavyofaa.

Ofisini walitaka kupeleka barua kwa chifu wa kule kisiwani. Lilikuwa jambo la kawaida, na la haki. Lakini kambini palikuwa na mama aliyetupikia, mzaliwa wa mlima uleule, aliyeolewa bara na kufiwa na mumewe. Tulimwita Mama Uji, naye aliitika. Aliposikia habari ya barua aliweka mwiko chini.

"Barua itasomwa barazani," alisema. "Ufukweni, mbele ya wauza samaki. Mama yake atasikia kwa mtu aliyekwenda kununua dagaa. Mnajua maana yake?"

Hatukujua.

"Mtu wetu akifa mbali, habari yake ndiyo yeye mwenyewe. Hana mwili mwingine. Ikisemwa njiani, atabaki njiani. Lazima mama yake aipokee mlangoni kwake, kabla ya mtu yeyote, ndipo mtoto aingie nyumbani."

"Na asipoingia?" aliuliza mmoja wetu.

"Kwetu kuna njia ambazo watu hawazipiti jua likiwa utosini. Unadhani wanaogopa miiba?"

Yeye mwenyewe hakuweza kwenda. Mwanamke aliyeolewa nje ya mlima haruhusiwi kuupandisha msiba. Basi watu wakanitazama mimi, kwa sababu ya lile gari la mawe.

"Msukuma huyu hasemi sana," alisema nyapara.

"Hasemi sana!" alidakia mwingine. "Salamu zake hazina mwisho. Atakuuliza habari za mke, za watoto, za ng'ombe, amalizie na kuku."

Walicheka, nami nikacheka. Nilikubali kabla sijajua nimekubali nini.

Mama Uji akaanza kunifundisha, na sikudhani mafunzo yangenichosha kuliko gari la mawe. Nivue viatu vyangu vya katambuga chini ya mlima, maana mlima si barabara. Nikikuta kijito ninywe niondoke, nisiulize jina lake. Nisitazame ndani ya nyumba ambayo sikuitwa. Hayo niliyaelewa, kwetu yapo ya kufanana nayo. Yaliyonishinda ni mawili.

La kwanza, nisibebe zawadi.

"Mama," nilimwambia, "kwetu mtu haendi kwa mama wa rafiki yake mikono mitupu. Hata chumvi kidogo?"

"Ukibeba chumvi utakuwa umekuja kuuza. Utabeba nitakachokupa, basi."

Alichonipa ni nywele na kucha za marehemu, alizozikata kabla hatujamwosha. Alizifunga katika kipande cha nguo ya magome, akakiweka ndani ya kikapu chenye mfuniko.

La pili ni salamu. Mchukua msiba, alisema, haitikii salamu tangu aanze kupanda mpaka afike mlango anaoutaka. Huweka unyasi katikati ya midomo ili watu wajue kwamba hana kiburi. Haulizi njia. Njia ya kule ni moja, inapita mbele ya nyumba zote, na atakapokoma kupanda ndipo habari ilipo.

"Kwa nini nisiitikie tu, halafu ninyamaze?" nilimwuliza.

"Ukimjibu mmoja umeanza kusema. Ukianza kusema utasema yote. Nakujua wewe."

Akaning'olea unyasi pale pale nyuma ya jiko, akaniambia nizunguke kambi. Watu wakaambiwa wanijaribu. Hatua chache tu, mzee mmoja wa Kishapu akanisalimu kwa upole, "Wadila, ng'wanangu," nami nikaitikia mpaka mwisho na kumuuliza habari za nyumbani. Unyasi ulikuwa umekwisha kuanguka zamani.

"Rudi!" alipiga kelele Mama Uji. "Umemzika mwenzako kwenye takataka za jikoni!"

Mara ya pili akanishika mwuza nguo, Mwislamu wa mjini Shinyanga aliyekuja na mzigo wake kila mwisho wa mwezi. "Asalaam aleikum, bwana," alisema. Nikapita. "Bwana, nimekukosea? Ile kaniki ilichuja rangi? Sema basi, nitakubadilishia!" Nikapita, machozi ya kicheko yakinitoka. "Amemeza ulimi," aliwatangazia watu. "Mpelekeni kwa nyapara, kibarua asiyejibu ndiye anayemtafuta."

Kambi nzima ilicheka. Halafu kicheko kikafa chenyewe, mtu mmoja mmoja, maana kila mmoja alikumbuka tulikuwa tunajiandaa kwa kitu gani. Mwuza nguo aliuliza, akaambiwa. Alivua kofia yake, akanifuata hadi jikoni, akaomba radhi. Hakuwa na kosa lolote. Naandika hivyo kwa sababu baadaye wako waliomsema kwamba alicheza na maiti.

Niliendelea kuzunguka kila baada ya kazi. Mwishoni niliweza kupita watu wote bila kujibu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu usipowajibu walio hai, masikio yako hutafuta wengine. Nikiwa napita nyuma ya vibanda nilikuwa nasikia mtu anasalimu pasipokuwa na mtu. Sisemi alikuwa yeye. Inawezekana ni mazoea tu.

Nikaenda. Kwenye pwani ya Wazinza mvuvi mmoja alinivusha kwa mtumbwi wake, na huko ufukweni nilisalimu kila kiumbe kama mlevi, wazee, wanawake, watoto, kwa kuwa nilijua kinywa changu kinakwenda kufungwa. Palipoanza mwinuko nikavua katambuga, nikang'oa unyasi.

Kwenye nyumba ya kwanza alikuwapo mzee anayetandaza majani ya tumbaku. Alinisalimu bila kuinua kichwa. Nilipokaa kimya aliinua, akauona unyasi, akayaacha majani yake. Hakusema tena na mimi. Aligeukia juu, akatamka neno moja, si kwa kelele, kama mtu anayemwambia aliye chumba cha pili. Nikasikia neno lile likichukuliwa na mtu mwingine juu ya migomba, kisha mwingine juu zaidi.

Habari ya wanawake sikuwa nimeambiwa. Labda Mama Uji alisahau. Labda aliona nikijua sitakwenda.

Kumbe kila nyumba yenye mtoto wa kiume bara, mama yake hutoka akasimama kando ya njia. Hasemi. Anakutazama miguu, kuona kama inapunguza mwendo. Ukimpita, anaungana na walio nyuma yako, kwa sababu mlango ambao si wake utakuwa wa mwenzake. Mlima ule ulikuwa umetoa vijana wengi, wengine kwenye machimbo, wengine kwenye meli, wengine kwenye mashamba ya pamba. Nilipofika nusu ya njia nilikuwa na mlio wa miguu mitupu nyuma yangu kama mvua ndogo kwenye majani, na sikuthubutu kugeuka.

Mwanamke mmoja hakusimama kando. Alisimama katikati ya njia, mwembamba, mikono kifuani.

"Pita," aliniambia. Alikisema Kiswahili, nadhani alikuwa ametumia muda mrefu kukitayarisha. "Pita, baba. Nakuomba. Pita tu."

Akasogea kidogo sana, nikampita nikamgusa bega. Nyuma yangu kigelegele kikaanza kumtoka na kukatika papo hapo, kama umefunika chungu kinachochemka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha nikasikia na miguu yake imeungana na mingine. Watu niliowasimulia wamemcheka mama yule, au wamemlaumu. Mimi siwezi. Sijasikia mtu aliyefurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja waziwazi namna ile, na sidhani mimi ningejiziba upesi hivyo.

Baada ya hapo njia ikawa kali. Mimi ni mtu wa mbuga, miguu yangu haijui ngazi za mizizi. Mama mmoja wa makamo, aliyetoka shambani na jembe begani, akanifikia ubavuni.

"Nipe, mwanangu," alisema. "Mlima huu si wa miguu yako."

Kabla sijafikiri alikuwa amekwisha kukitwaa kikapu, akakiweka kichwani, jembe akampa wa nyuma. Mama Uji hakunifundisha kama kikapu kinaweza kubebwa na mtu mwingine. Kumkatalia ningehitaji maneno, nami maneno sikuwa nayo.

Akaanza kusema. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha mtu aliyekwisha kuuza tumbaku ufukweni, na alikisema polepole, akitazama mbele. Alisema nyani wamemaliza mahindi. Alisema mvua ya mwaka huu haina adabu.

"Mwanangu na yeye yuko huko huko kwenye mashimo," alisema. "Mvivu tangu mdogo. Mvivu, lakini anachekesha, kwa hiyo nilikuwa nasahau kumchapa. Na aambiwe paa langu linavuja upande wa kitanda. Na aambiwe sitaki kuezekewa na majirani, wataniimba. Na aambiwe yule mbuzi mwekundu amezaa."

Tulipita nyumba nyingine, na nyingine. Kwenye kila mlango wanawake wa nyuma walikuwa wakipunguza pumzi, nao wakaendelea. Nyumba zikawa chache. Ukungu ukaanza kugusa migomba.

"Unakwenda mbali, mwanangu," alisema. "Mimi mlango wangu ndio wa mwisho. Kutoka kwangu ni wingu tu."

Mwenzangu alikuwa ameniambia vivyo hivyo, tukisukuma mawe: mlango wa mama ni wa mwisho, ukitoka pale ni wingu.

Basi nikajua anayebeba kikapu ni nani, na amembeba nani.

Nilitaka kuutema unyasi. Sioni haja ya kujifanya shujaa wa mila za watu. Nilitaka kuutema na kumwambia mama yule pale pale, kati ya mihogo, atue kikapu kile. Niliona ni ukatili kumwacha apande akizungumzia mbuzi wake mwekundu. Pia niliona nikisema, na kama Mama Uji alisema kweli, mwenzangu atasimama kwenye mihogo ile milele, na mama yake atakuwa anapita hapo kwenda shamba. Padri wa misheni angenipa jibu lake na mganga wa kwetu angenipa lake. Mimi sikuwa na lolote ila unyasi, nami niliutafuna mpaka ukawa uzi.

Hapo ndipo niliposikia, kutoka ndani ya migomba mkono wa kushoto, sauti ya mwanamume: "Mwangaruka!"

Jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Hakuna mtu anayesalimu hivyo wakati ule. Wanawake hawakugeuza shingo. Mama hakunyamaza, aliendelea na habari za paa. Yawezekana alikuwa kijana aliyerudi kutoka machimboni na maneno mawili ya Kisukuma, akaona mtu wa bara akajionyesha. Nakubali yawezekana. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuinuka kuitikia, nikaurudisha chini kwa meno.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya majani, imeinama kidogo. Nilikoma pale. Wanawake wakakoma nyuma, ukingoni mwa ua, hakuna aliyeingia. Mama alikwenda hadi mlangoni kwake, akakitua kikapu juu ya kizingiti, wala si ndani wala si nje. Aliingia, akakaa kidogo, akatoka amejifunga nguo nyingine kiunoni, akaketi chini kando ya kikapu na kunyoosha miguu.

"Karibu," alisema. "Habari za utokako?"

Nilitoa unyasi mdomoni. Nilikuwa nimefundishwa sentensi moja kwa lugha yao, nimeisema mbele ya jiko, nimeisema kwenye mtumbwi. Haikuwapo. Kinywa kilichofungwa mlima mzima kilifunguka kikatoa kile kinachotoka kila siku, kile ambacho mama yangu alinifundisha kabla ya kutembea.

"Njema," nilisema.

Mmoja kati ya wanawake wa nyuma alijishika kichwa. Mimi nilitamani ardhi inipokee.

Mama alinitazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Njema," aliitikia, kama inavyotakiwa. "Tunashukuru. Na nyingine?"

"Mama," nilisema, "mtoto wako amefika."

Aliinua kikapu kwa mikono miwili, akaingia nacho, akafunga mlango. Tukangoja. Alipoanza kulia alikuwa peke yake ndani, na wote ukingoni walinyamaza mpaka sauti yake ipite kwanza. Aliyeanza kulia baada yake alikuwa yule aliyeniomba nipite, naye alilia kuwashinda wote.

Walinikalisha kule mpaka mambo ya msiba yalipokwisha. Nilioshwa miguu, nikapewa ndizi na maziwa, nikasalimiwa na kila mtu aliyekuwa amenyimwa salamu njiani, kama kulipwa deni. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mama akimkamua mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, kule kwenye mihogo nilijua. Nilitaka kukuambia."

"Nilikuona. Ulikuwa unatafuna kama huyu hapa." Akamsukuma mbuzi kwa goti.

"Kwa hiyo na wewe ulijua?"

"Nilipokiweka kichwani. Mtoto niliyembeba mimi, nisiujue uzito wake?" Aliendelea kukamua. "Nilisema na kusema ili usipate pa kuingilia. Ungefumbua mdomo tungemwacha pale."

Sijui. Nilikibeba kikapu kile tangu Geita na hakikuwa na uzito wowote. Upepo wa ziwani ulitaka kunipokonya. Inawezekana alijua kweli. Inawezekana hakujua mpaka nilipokoma mlangoni, na asubuhi ile alimwona kijana anayejitesa, akamtengenezea uongo mdogo wa kwenda nao njiani. Wa kwanza ni mama wa ajabu, wa pili ni mama mwema, na sina haki ya kumchagulia awe yupi. Nilijaribu kupata uhakika.

"Basi na yale maagizo?" nilimwuliza. "Ya paa, ya huyu mbuzi. Nilidhani unaniagiza mimi nikampe."

"Wewe?" alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi mwanawe alivyokuwa akicheka. "Wewe nikuagize nini? Nilikuwa namwambia yeye."